Kipande Kwanza

Mwaka 2020, corona ilipofunga kazi, serikali ya Kenya ilifanya jambo ambalo haina mazoea nalo: iliwapa pesa vijana wasio na ajira. Mpango uliitwa Kazi Mtaani. Unarauka, unafagia barabara, unazibua mitaro, unakata nyasi, na siku yako inahesabiwa. Katika awamu ya pili, iliyoanza Julai na kufika kaunti zote 47, siku moja ilikuwa shilingi 455. Si nyingi, na mara nyingi zilichelewa. Lakini kwa mtu aliyekuwa ameketi nyumbani tangu Machi, hizo zilikuwa unga na stima.

Masharti yalikuwa mafupi. Uwe na umri wa kati ya miaka 18 na 35. Uwe mkaazi wa hapo. Uwe na kitambulisho.

Kama umekulia Nairobi au Kisumu, hilo sharti la tatu hulioni hata. Ulitimiza miaka 18, ukaenda kwa chifu, ukapakwa wino vidoleni, ukapewa karatasi ya kusubiri, basi. Ukilalamika, unalalamikia miezi mitatu ya kungoja. Sasa vuka daraja la Mto Tana uingie Garissa, uwaulize vijana wa rika lako walingoja muda gani. Utakutana na mtu atakayekujibu kwa miaka, na mwingine atakwambia bado anangoja.

Tusidanganyane: Kenya haina posho ya kukosa kazi. Uingereza ilianzisha bima ya ukosefu wa ajira mwaka 1911, Marekani ikafuata mwaka 1935. Sisi tulipata NSSF mwaka 1965, nayo ni akiba ya uzeeni kwa aliyeajiriwa. Ukifutwa kazi leo ukiwa na miaka 26, hakuna ofisi ya kwenda. Kuna Katiba ya 2010, ambayo kwenye kifungu cha 43 inasema serikali itamsaidia mtu asiyeweza kujikimu yeye na wanaomtegemea. Kutoka kwenye sentensi hiyo ndipo unapata vijisehemu: shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii kwa wazee, Kazi Mtaani iliyokuja na kupita, mikopo ya vijana, na kule kaskazini pesa za Hunger Safety Net.

Hizi za mwisho ndizo zinazokaribia zaidi posho ya kweli. Zilianza kama majaribio mwishoni mwa miaka ya 2000 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kwa sababu mfugaji ambaye ukame umemmalizia mifugo ni mtu aliyepoteza kazi, hata kama hakuna barua ya kumfuta. Garissa iliingizwa baadaye, katika awamu ya tatu. Katika awamu ya pili familia ilipata shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili, kupitia akaunti ya benki. Na akaunti ya benki inataka nini? Familia nyingi ziliandikishwa kwenye mpango, zikakubaliwa, halafu akaunti zikakaa bila kufunguka kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye kitambulisho. Pesa ipo, jina lipo, njaa ipo. Kipande hakipo.

Hilo neno kipande tunalitumia mtaani kwa mzaha, lakini lina historia nzito. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha. Mwanaume alitembea na karatasi yake ndani ya kijaluba cha chuma shingoni. Humo mwajiri Mzungu aliandika lini umeanza kazi na lini amekuachilia. Ukiondoka bila sahihi yake, wewe ni mtoro, na polisi watakutafuta. Kwa hiyo kipande kilizaliwa kama karatasi ya kazi: cha kukushikilia kazini usitoroke. Leo ni karatasi ambayo bila hiyo kazi yenyewe huioni.

Kaskazini kulikuwa na kamba nyingine tena. Sheria za 1926 na 1934 ziliifanya ile iliyoitwa Northern Frontier District kuwa eneo lililofungwa. Huingii bila ruhusa, hutoki bila ruhusa. Kwa hiyo wakati Wakenya wengine walikuwa wanapigania kutupa kijaluba, watu wa kaskazini walikuwa wameshazoea kwamba kutoka nyumbani kwenda kwingine ndani ya nchi hiyo hiyo ni jambo la kuomba kibali. Si ajabu wazee wa Garissa wakisafiri kwenda Nairobi bado husema, "Naenda Kenya."

Halafu ukaja uhuru. Tume ya Waingereza iliyozunguka eneo hilo mwaka 1962 ilikuta wengi wanataka kujiunga na Somalia. London haikuwasikiliza, Nairobi ikakataa katakata. Desemba 1963, wiki mbili hivi baada ya bendera mpya kupanda, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki. Vita vya Shifta viliisha mwaka 1967, lakini sheria za dharura zilibaki hadi 1991. Piga hesabu: kizazi kizima kilizaliwa, kikaoa na kupata watoto chini ya sheria ambazo Mkenya wa Nyeri au Kakamega hakuwahi kuziona.

Ndani ya muda huo, Novemba 1989, ikatoka amri kwamba kila Mkenya Msomali apigwe msasa. Kitambulisho ulichokuwa nacho mfukoni hakikutosha. Ulikwenda mbele ya jopo, ukaulizwa ukoo wako, babu yako, chifu wako, na ukipita ulipewa kadi nyingine ya rangi ya pinki. Yaani kitambulisho cha kuthibitisha kitambulisho. Kabila moja tu, kati ya yote ya Kenya, ndilo lililotakiwa kuwa na karatasi mbili.

Sasa naomba tumchukue mtu mmoja wa mfano. Tuseme amezaliwa mwisho wa 1989, wilaya hii hii ya Garissa, mama yake akiwa kwenye foleni ya hiyo kadi ya pinki. Tumfuate.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre inaanguka Mogadishu. Watu wanavuka mpaka kwa maelfu, na karibu na mji mdogo wa Dadaab zinafunguliwa kambi tatu: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Wakati huo huo ukame umewakaba Wakenya wa hapo hapo. Ng'ombe wamekufa. Serikali yao haina posho, haina chakula, na hospitali iko mbali. Lakini kilomita chache kutoka bomani kuna Umoja wa Mataifa unaogawa unga, mafuta na dawa, na una shule. Lugha ni ile ile, sura ni zile zile. Mama wa mtoto wetu anafanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Anajipanga kwenye foleni na kuandikisha familia yake ili wapate kadi ya mgao.

Hiyo kadi ndiyo iliyokuwa posho ya Garissa. Nchi yake haikuwa na kitu cha kumpa, akachukua kilichokuwepo. Ukame uliporudi mwaka 2011, familia nyingine zikafanya vivyo hivyo.

Bei yake ilikuja baadaye. Mtoto wetu alitimiza miaka 18 mwishoni mwa 2007. Vijana kama yeye walipeleka cheti cha shule, vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu. Walikaa mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama. Wengine walipita hapo, kisha alama za vidole zikaingizwa kwenye mtambo na jibu likarudi: huyu ni mkimbizi. Jina lake liko kwenye rejista ya kambi, liliandikwa akiwa na miaka mitatu. Njoo kesho. Njoo mwezi ujao. Kwa sasa jambo hili limesimamishwa.

Mashirika ya kutetea haki yamekadiria kwamba watu wapatao 40,000 walinaswa hivyo. Bila kipande husajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui M-Pesa, huingii chuo kwa mkopo wa serikali, na basi la Nairobi linateremsha abiria kwenye kizuizi cha polisi ukiwa huna la kuonyesha. Unabaki na vibarua vya mjengo na kubeba mizigo sokoni.

Serikali ina hoja yake, na tuiseme. Mpaka ni mrefu, al-Shabaab ni kweli, na Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hakuna mtu Garissa anayehitaji kufundishwa kuhusu siku hiyo. Lakini kumnyima kipande mtoto aliyeandikishwa na mamaye kwa sababu ya njaa hakumkamati gaidi hata mmoja. Kunazalisha tu mtu mzima ambaye dola haimjui, na huo sijui ni usalama wa aina gani.

Mwaka 2021 kesi ilifika Mahakama Kuu ya Garissa, ikiletwa pamoja na shirika la Haki na Sheria. Hukumu ilitoka Januari 2025: haki zao zilikiukwa, wapewe vitambulisho. Siku chache baadaye, Februari 5, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia sahihi agizo la kuondoa ule msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu.

Ila rudi kwa mtu wetu wa mfano. Januari 2025 ana miaka 35. Katiba inasema kijana ni aliyefikisha 18 na hajafikisha 35. Kazi Mtaani ilipita. NYOTA, mpango mpya wa kuwapa vijana mtaji wa biashara, unachukua walio kati ya miaka 18 na 29, na kwa walemavu hadi 35. Mikopo ya vijana imemfungia mlango. Pesa za wazee ziko mbali kama miaka 35 mingine. Kipande anaweza kukipata sasa, na akikipata kitakuwa halali kabisa, kina picha na namba. Kila mpango ambao kingemfungulia akiwa kijana umeshampita.

Ndiyo maana sikubali tunapolizungumza jambo hili kama ucheleweshaji tu, kana kwamba ni mtandao uliolala pale Huduma Centre. Anayecheleweshewa shilingi 455 kwa wiki mbili atalipwa baadaye. Anayecheleweshewa kipande kwa miaka 17 hana wa kumlipa, kwa sababu misaada yetu mingi ina umri, na umri haungoji ofisi ifunguliwe.

Siku ukipita Garissa na gari lako likasimamishwa darajani, toa kipande chako uonyeshe kama wengine. Halafu angalia nyuma uone nani ameteremshwa, na ujiulize amekuwa akingoja tangu mwaka gani.