Kutoka unga wa Huskvarna hadi Panadol ya msimu wa UE

Msimu wa UE ukifika, vyumba vingi vya hosteli hugeuka kuwa duka la dawa. Huyu ana Panadol, yule ana dawa ya mafua, mwingine ana kopo la kahawa. Kichwa kikianza kugonga saa nane usiku, mtu hawazi ugonjwa, anawaza mada tatu zilizobaki. Anameza, anaendelea kupiga msuli. Tabia hii ya kumeza dawa ili kazi isisimame si mpya. Kuna mji uliilipia kwa figo.

Mji huo ni Huskvarna, kusini mwa Sweden, ambao maisha yake yalizunguka kiwanda kilichoanza kwa kutengeneza silaha. Wakati wa janga la mafua la 1918, daktari wa pale aitwaye Hjorton alitoa unga wa kutuliza homa na maumivu. Ndani yake kulikuwa na fenasetini, fenazoni na kafeini. Mafua yakapita, unga ukabaki. Wafanyakazi wengi waliendelea kuutumia kila siku, wakiamini unawapa nguvu ya kumaliza zamu. Kafeini kweli inachangamsha. Ila mwili ukishaizoea, ukiacha ghafla kichwa kinauma, basi unarudia tena unga uleule. Hapo dawa inatibu maumivu iliyoyaleta yenyewe.

Dozi moja haikumdhuru mtu, na ndiyo maana ilichukua miaka mingi kugundua shida. Mwaka 1953 madaktari wa Uswisi waliripoti figo zilizoharibika kwa watu waliotumia dawa za aina hii kwa muda mrefu. Huskvarna nako watu walikuwa wanakufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Mwaka 1961 Sweden ikazuia fenasetini kuuzwa bila cheti cha daktari. Marekani iliiondoa sokoni mwaka 1983.

Sasa Panadol inaingiaje hapa? Mwishoni mwa miaka ya 1940, Bernard Brodie na Julius Axelrod walionesha kwamba mwili huigeuza sehemu kubwa ya fenasetini kuwa parasetamoli, na hiyo ndiyo inayotuliza maumivu. Kwa nini basi usimeze parasetamoli moja kwa moja? Panadol ikaingia sokoni Uingereza mwaka 1956, ikasifiwa kwa usalama wake. Na kwa dozi sahihi ni salama kweli.

Lakini mwaka 1966 madaktari wa Edinburgh waliripoti wagonjwa wawili waliokufa kwa ini kuharibika baada ya kuzidisha parasetamoli. Sababu yake ilieleweka miaka ya 1970. Sehemu ndogo ya parasetamoli hugeuka sumu ndani ya ini, na ini huizima kwa kutumia kemikali iitwayo glutathioni. Ukizidisha, glutathioni inaisha na sumu inaanza kuua seli za ini. Mtu aliyeshinda njaa siku kadhaa au anayekunywa pombe sana yuko kwenye hatari zaidi. Mwaka 1998 Uingereza ilipunguza vidonge kwenye pakiti: 16 kwa maduka ya kawaida, 32 kwa famasi.

Kwa mwanafunzi, mtego uko kwenye majina. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Ukimeza Panadol mbili halafu dawa ya mafua juu yake, unadhani ni dawa mbili tofauti, kumbe umerudia ileile. Panadol Extra nayo ina kafeini, kama ule unga wa Huskvarna.

Kwa hiyo geuza pakiti, usome jina la kemikali na siyo jina la biashara tu. Kwa mtu mzima, kikomo ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, ukihesabu na vile vilivyomo kwenye dawa ya mafua. Kama kichwa kinakudai kidonge karibu kila siku, nenda zahanati ya chuo. Na rafiki akizidisha dozi, mpeleke hospitali hata kama anacheka na anasema yuko poa. Siku ya kwanza huenda asioneshe dalili yoyote, ilhali dawa ya kuokoa ini, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.