Swali la Wanafunzi wa Pasifiki

Tangu mapatano ya Rio de Janeiro ya mwaka 1992 wajumbe wa mataifa wamekutana mara nyingi juu ya tabia ya nchi, bahari haikuwangoja. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini walijadiliana darasani, Vanuatu: je, ahadi zile zina mdai? Maswali ya namna hiyo, nijuavyo mimi mwalimu, aghalabu hufa kengele iliapo. Hawa waliziandikia serikali za visiwa vyao, na Vanuatu ikaitikia. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulilipeleka swali mbele ya Mahakama ya Kimataifa, The Hague. Tarehe 23 Julai 2025 majaji 15 walijibu kwa kauli moja kuwa kuilinda tabia ya nchi ni wajibu wa sheria. Rai hiyo haina nguvu ya hukumu, na maji yangali yakipanda. Walakini mjumbe hawezi tena kuiita ahadi yake hisani.