Nani Amfunde Mwari? Msichana na Njia ya Utu Uzima katika Fasihi ya Kiswahili, 1858–1980

1. Msamiati wa safari

Kiswahili kina majina kadha ya kumwita mtoto wa kike anapokua. Akikaribia kubalehe huitwa kigori. Akivunja ungo huwa mwari. Akiolewa huwa mke wa mtu. Majina haya hayahesabu miaka, bali yaeleza hali ya msichana mbele ya jamaa zake. Pamoja na mwari kuna mtu wa pili ambaye lugha haikumsahau: kungwi, aitwaye pia somo. Neno hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwani lamtaja mwanamke afunzaye na pia jambo lifunzwalo. Kuvunja ungo ni kazi ya mwili. Kuwa mwanamke ni kazi ya mafunzo, na mafunzo yahitaji mwenye kuyatoa.

Makala haya yanafuatilia nafasi ya huyo mwenye kufunda, kutoka Utendi wa Mwana Kupona hadi riwaya ya Utengano. Hoja yake ni kwamba misiba inayowapata wasichana katika riwaya za karne ya 20 haisababishwi na wao kuacha mila, kama isemwavyo mara kwa mara darasani. Inasababishwa na wazazi walioshika fimbo ya mila na kuiacha elimu yake.

2. Sauti ya mama

Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha nchini Ujerumani Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Humo unyago waelezwa kuwa jambo la wanawake: kungwi, ngoma na nyimbo, mbali na macho ya wanaume. Msomaji wa Katanga hatashangaa, kwa kuwa Wabemba wa pande zote mbili za mpaka wanaijua chisungu, ambayo Audrey Richards aliishuhudia mwaka 1931 katika Rhodesia ya Kaskazini na kuiandikia kitabu mwaka 1956. Huko pia, msichana hakuachwa avuke peke yake.

Utendi wa Mwana Kupona ni mafunzo ya namna hiyo yaliyopewa umbo la maandishi. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga yapata mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, naye akafariki miaka michache tu baadaye. Alikuwa mgonjwa, na jambo hili ni ufunguo wa utenzi mzima: mama anamwita mwanawe asogee na wino na karatasi, kwa sababu hajui kama atakuwapo siku mwanawe atakapomhitaji. Anamfundisha dini, adabu, ulimi mwema na utumishi kwa mume.

Wahakiki wengi wameuona utenzi huu kuwa hati ya utii, na kwa kiasi fulani hawakukosea. Hata hivyo, ukiusoma kama maneno ya somo kwa mwari, utaona jambo jingine. Mama haamrishi tu. Anaeleza namna ya kuishi katika nyumba ambayo mume ndiye mwenye nguvu, hata kumtuliza kama mtoto asiyejua kusema. Mwari anapewa ujuzi wa mambo yatakayomkuta. Ujuzi huo una mipaka ya zama zake na ya tabaka lake, lakini ni ujuzi.

3. Baba mahali pa mama

Takriban karne moja baadaye, Shaaban Robert (1909–1962), aliyefiwa na mkewe Amina na kubaki na watoto wa kulea, alitunga Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Tenzi zote mbili zimo katika Maisha Yangu. Katika Hati baba ndiye aliyekalia kiti cha mama. Maadili yake ni yale yale: dini, subira, heshima ya ndoa. Lakini ni baba anayesema na binti yake, tena kwa upole. Mfano huu waonyesha kwamba kiti cha mwenye kufunda chaweza kubadilisha mkaaji bila kuvunjika.

4. Fimbo bila somo

Kiti hicho ki kitupu katika Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi (1944–2020), iliyotoka mwaka 1971. Rosa, binti wa Zakaria na Regina wa Ukerewe, anapata barua ya mvulana aitwaye Charles. Baba mlevi anaigundua na kumpiga vibaya. Kipigo hicho ndicho mafunzo pekee anayopewa na baba yake kuhusu wanaume. Mama anampenda lakini hana sauti nyumbani. Shule ya watawa inamlinda kwa ukuta. Chuo cha ualimu kinamwachia uhuru asioujua. Wanaume wenye vyeo wanamtumia, mimba zinaharibiwa, na mwishowe Charles anapomkataa kwa kuwa si bikira, Rosa anajiua.

Riwaya hii ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda, kwa hofu kwamba ingewapotosha vijana. Marufuku hiyo yenyewe yafanana na kosa la Zakaria: kumficha msichana jambo kwa kudhani kwamba asilolijua halitamdhuru. Nayo tafsiri ya kwamba Rosa ni onyo kwa wasichana wasiotii yakosa ushahidi katika matini. Mwandishi anawapeleka Rosa na baba yake pamoja mbele ya hukumu ya mbinguni, na huko binti anamshitaki mzazi. Mshitakiwa katika kitabu hiki si msichana peke yake.

5. Mlango uliofungwa

Said Ahmed Mohamed alilirudia swali hilo katika Utengano (1980). Maksuudi, tajiri wa mjini, anamfungia ndani binti yake Maimuna kwa jina la heshima. Zamani kumtawisha mwari kulikuwa na kazi yake: alitengwa ili afundwe. Maksuudi amebakiza kutengwa na kuondoa kufundwa. Ndiyo maana Maimuna anapotoroka, anaingia ulimwenguni bila macho, na maisha ya vilabuni yanampokea. Tofauti na Rosa, yeye hafi. Anajifunza kwa maumivu mambo ambayo angeweza kuambiwa na mama, na anabaki hai.

6. Hitimisho

Swali hili halikuishia katika riwaya. Mwaka ule ule wa 1971 Sheria ya Ndoa ya Tanzania iliruhusu msichana aolewe na miaka 15, wakati mvulana alitakiwa awe na 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Sheria ya Familia ya Zaire ya 1987 nayo iliweka 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ndiyo iliyowasawazisha kwa 18. Sheria zaweza kuchelewesha ndoa. Hazisemi ni nani atakayezungumza na msichana katika miaka hiyo ya kungoja.

Kazi hiyo fasihi imeifanya kwa namna yake. Ufundishaji wa matini hizi katika vyuo vyetu utafaa ukianza na swali la nani amemfunda mhusika, kabla ya kuuliza amekosa nini. Anayemhukumu Rosa bila kumuuliza Zakaria amesoma nusu ya riwaya.