Libanga: wakati jina la mtu linanunua wimbo

Libanga, kwa Kilingala, maana yake ni jiwe. Wanamuziki wa Congo wanasema «kutupa libanga» wakati wanataja jina la mtu ndani ya wimbo: mfanyabiashara, mwanasiasa, ama Mkongomani anayeishi Paris au Brussels. Anayetajwa anatoa franga. Yakiwa mingi, yanaitwa mabanga.

Desturi hii ilipata nguvu Kinshasa miaka ya 1980 na 1990, wakati uchumi wa Zaïre ulikuwa unaanguka. Kaseti zilinakiliwa ovyo na mtunzi hakuona kitu. Kwa hiyo akatafuta tajiri wa kumsifu, na kusema kweli ni vigumu kumlaumu. Hata Franco na OK Jazz walimwimbia muuzaji wa magari ya Volkswagen, katika «Azda» ya mwaka 1973. Lakini ule ulikuwa wimbo mmoja kwa mteja mmoja, na magitaa yake yangali yanapendeza. Siku hizi hadithi ya mapenzi inakatwa katikati ili bwana fulani asalimiwe, kisha mwingine, na mwingine tena. Ni juu ya ile wazee wanasema muziki umeharibika.

Si Congo peke yake. Huko Marekani watangazaji wa redio walikuwa wanapokea pesa kwa siri ili wapige sahani fulani, mpaka sheria ikakataza mwaka 1960. Libanga yenyewe haijifichi.

Katika Bushi, ambamo Katana iko, wimbo ulikuwa na kazi nyingine pia. Mtafiti Mmarekani Alan Merriam, aliyesoma muziki wa Bashi mwaka 1951 na 1952, aliandika juu ya wasichana waliofanya kazi katika shamba la kahawa. Zamani walipewa mafuta, kisha yakakatwa. Kumwambia bwana uso kwa uso haikuwezekana, basi wakaimba malalamiko yao mbele yake. Mkubwa alikuwa ndani ya wimbo, lakini hakuulipia.

Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mtunzi kijana wa Katana, yeye, bado anatafuta franga za studio ya Bukavu. Mwenye kutaka kutajwa njo anakuwa wa kwanza kumpa.