Hukuiona? Pima kile iligonga

Mimi naamini hivi: hesabu ya migongano, ile watu hukariri shule ndio wapite mtihani, ni kati ya silaha kali zaidi kwa historia ya sayansi. Unabisha? Twende 1932.

Kulikuwa na fumbo. Ukiweka poloniamu karibu na beriliamu, kunatoka miale flani haina chaji, na inapenya vitu vinene vibaya sana. Huko Paris, Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot wakaielekeza kwa nta. Protoni zikachomoka na kasi ya ajabu. Wakasema hiyo lazima ni gama, yaani jamii ya mwanga, ila yenye nguvu kupita kiasi.

Cambridge, James Chadwick akakataa.

Fikiria bano. Hukuona ile iliyorushwa, lakini umeona mbili zilizogongwa: nyepesi imetoka mbio, nzito imesonga polepole. Momentamu na nishati hazipotei njiani, kwa hivyo ukilinganisha kasi za hizo mbili, unapata uzito wa ile hukuiona.

Basi Chadwick, pamoja na vipimo vya mwenzake Norman Feather, akalinganisha. Haidrojeni ilitoka na kasi ya kama kilomita 33,000 kwa sekunde. Naitrojeni, nzito mara 14, kama 4,700. Ukishikilia ni gama, haidrojeni inadai nishati ya elektronivolti milioni 55, naitrojeni inadai milioni 90. Miale ni ile ile, sasa inabadilisha nguvu kulingana na nani amegongwa? Zii. Lakini ukisema ni chembe yenye uzito, hesabu inakubali: karibu 1.15 ya protoni. Hiyo ndiyo nyutroni, na mwaka wa 1935 ikampa Nobel ya Fizikia.

Wale wa Paris hawakuwa wajinga. Mwaka huo huo walipata Nobel ya Kemia kwa kazi nyingine. Vipimo vyao vilikuwa poa. Maelezo ndiyo yalikataa kulingana na hesabu.

Na hii si stori ya makumbusho tu. Nyutroni ndiyo hupasua urani: ikaleta Hiroshima 1945, ikaleta pia stima ya nyuklia. Hata ule mjadala wetu wa Kenya kujenga kinu unaanzia hapo. Kwa hivyo ukiskia mtu akisema hesabu ya migongano haina kazi mtaani, mwambie dunia nzima bado inaishi na jibu lake.