Pilipili hoho ndani ya glasi ya mvinyo

Hivi kimiminika kinawezaje kuwa kikavu? Waonjaji wanaozungumza Kiingereza hawaoni ajabu: mvinyo uliobaki na sukari kidogo sana huitwa "dry", yaani mkavu. Neno hilo angalau lina kipimo, maana sukari inapimwa maabara. Shida ilikuwa kwenye maneno mengine. Mvinyo ulisifiwa kuwa "elegant", wenye madaha. Sawa, lakini madaha yananukaje? Mwanafunzi akisoma sifa hiyo anajua tu kwamba mwandishi aliupenda mvinyo. Hajui atafute nini kwenye glasi yake.

Ann Noble, mtafiti wa harufu na ladha katika Chuo Kikuu cha California, Davis, alitaka maneno yanayoshikika. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha orodha ya maneno iliyopangwa kama gurudumu. Katikati kuna maneno mapana, kama "fruity", harufu ya matunda. Ukienda nje kidogo unakuta "citrus", jamii ya machungwa, na ukingoni kabisa limau lenyewe. Maneno ya kusifia tu yaliachwa.

Ila nguvu ya gurudumu hili ilitoka jikoni. Maneno mengi yalipewa kielelezo: chukua mvinyo usio na harufu kali, tumbukiza kipande cha pilipili hoho, kisha nusa. Ukija kukutana na harufu hiyo kwenye Cabernet Sauvignon, hujaota. Zabibu hizo zina kemikali za jamii ya methoksipirazini, na hoho nazo zinazo. Kumbe neno la sokoni ni sahihi kuliko sifa za kifahari, na mtu yeyote anaweza kulihakiki kwa pua yake.

Hata hivyo, neno la kawaida nalo linadanganya. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio lao: wanafunzi 54 wa Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu! Macho yalishachagua maneno kabla pua haijasema.

Basi, ukitakiwa kueleza kinywaji kwa Kiingereza, nusa kwanza, lebo utasoma baadaye. Kama hujawahi kunusa "blackcurrant", usiiandike kwa sababu wengine wameiandika. Taja kitu unachokijua. Hoho inatosha, kama kweli imo.