Alianguka Wapi?

Tarehe 15 Agosti 1914, kwenye gati moja la Mto Hudson mjini New York, kuli aitwaye Christen Jensen alikuwa anaendesha kigari cha umeme, akitoa mbao ndani ya meli ya El Oriente na kuzipeleka gatini. Kigari kikakwama mlangoni mwa meli. Akakirudisha nyuma kwa kasi. Hakuwahi kuinamisha kichwa, akajigonga kwenye kizingiti cha juu, shingo ikavunjika. Aliacha mke na watoto wawili. Ujira wake ulikuwa dola 19.60 kwa wiki. Sheria ya fidia ya Jimbo la New York ilikuwa na wiki sita tu tangu ianze kutumika, na kwa mujibu wake mjane akapangiwa dola 5.87 kwa wiki, kila mtoto dola 1.96, na dola 100 za maziko. Hakukuwa na ubishi kwamba marehemu alifia kazini, wala kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya mwajiri wake. Hata hivyo kampuni ya Southern Pacific ilikata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 1917 majaji watano dhidi ya wanne wakaifuta fidia ile. Walisema ajali ilitokea upande wa maji, na juu ya maji hayo sheria ya jimbo haikuwa na nguvu. Kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo, familia ya kuli wa Marekani aliyeumia au kufa ilikutana kwanza na swali moja: alianguka wapi? Hoja yangu ni kwamba swali hilo lilikuwa potofu tangu mwanzo, na historia ya makuli hao inaonyesha kwa ushahidi wa kutosha kwamba fidia ya haki hufuata kazi aliyokuwa akiifanya mtu, si mahali mwili wake ulipookotwa.

Ili kuona kilichopotea mwaka 1917, lazima tujue fidia ilikuwa mapatano ya namna gani. Kabla yake mfanyakazi aliyeumia alikuwa na njia moja, kumshitaki mwajiri na kuthibitisha kosa lake. Mwajiri naye alikuwa na ngao tatu: kwamba mfanyakazi aliijua hatari na akaikubali alipochukua kazi, kwamba yeye mwenyewe alizembea hata kidogo, au kwamba kosa lilikuwa la mfanyakazi mwenzake. Ngao hii ya tatu iliota mizizi katika mahakama za Uingereza tangu mwaka 1837, na bandarini ilikuwa kali kuliko zote, maana shehena hupakuliwa na genge zima: mmoja yumo ngamani, mwingine kwenye winchi, mwingine anatoa ishara, na karibu kila ajali ina mkono wa mwenzako ndani yake. Ujerumani ilianza bima ya ajali kazini mwaka 1884. Uingereza ikafuata mwaka 1897 kwa sheria iliyozigusa pia gati na bandari: nusu ya ujira kwa aliyelemaa, usiozidi pauni moja kwa wiki, na kwa aliyekufa ujira wa miaka mitatu au pauni 150, kiasi kilicho kikubwa, bila kuvuka pauni 300. Mfanyakazi hakutakiwa tena kuthibitisha kosa la mtu, na mwajiri hakukabiliwa tena na deni lisilo na kikomo. New York ilijaribu mapatano hayo mwaka 1910, mahakama ya jimbo ikayavunja tarehe 24 Machi 1911. Kesho yake kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua na kuua watu 146. Ilibidi katiba ya jimbo irekebishwe mwaka 1913 ndipo sheria mpya isimame. Hiyo ndiyo sheria iliyomfikia mjane wa Jensen, kisha ikanyang'anywa mikononi mwake.

Majaji walioifuta walikuwa na hoja, na inastahili kusikilizwa. Meli husafiri kutoka bandari hadi bandari. Kama kila jimbo lingeitungia sheria yake, mwenye meli angekutana na deni tofauti kila anapotia nanga, na biashara ya bahari ingekwama katika vurugu ya kanuni. Kwa hiyo, walisema, sheria ya bahari lazima iwe moja kwa nchi nzima. Kwa nahodha na baharia hoja hiyo ina uzito. Lakini kuli hasafiri na meli. Huamka nyumbani kwake, hupanga foleni gatini, hupakua, na jioni hurudi kulala katika mji ule ule. Meli huja na kuondoka, yeye yupo. Jaji Oliver Wendell Holmes, mmoja wa wanne waliopinga, alikumbusha kwamba sheria haielei angani ikisubiri kugunduliwa, bali ni amri ya mamlaka fulani inayojulikana, na hakuona kilichoizuia mamlaka ya New York kumlinda mtu wake. Tena umoja huo uliosifiwa haukuwa na kitu cha kumpa mjane. Tangu mwaka 1886 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kwamba sheria ya bahari peke yake haitambui madai ya kifo cha mtu aliyeuawa kwa uzembe. Kuli aliondolewa kwenye nyumba yenye paa akaelekezwa kwenye kiwanja kitupu.

Bunge la Marekani liliuona ubaya huo mapema. Mwaka 1917 lilipitisha sheria ya kuyaruhusu majimbo kulipa fidia hata kwa ajali za majini, Mahakama ya Juu ikaifuta mwaka 1920. Likajaribu tena mwaka 1922 kwa maneno mengine, ikafutwa mwaka 1924. Ndipo tarehe 4 Machi 1927 ikazaliwa sheria ya shirikisho ya fidia kwa makuli na wafanyakazi wa bandari. Iliweka malipo ya theluthi mbili za ujira wa wastani, yasiyozidi dola 25 kwa wiki, na jumla isiyovuka dola 7,500. Ndani yake kulikuwa na jambo moja la busara ambalo halisifiwi vya kutosha. Kuli wa siku zile alikuwa kibarua: asubuhi watu walisimama nusu duara mbele ya gati, msimamizi akawanyooshea kidole aliowataka, waliobaki wakarudi mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo ujira wake wa mwaka ni upi? Sheria ilijibu kwamba, kama amefanya kazi hiyo karibu mwaka mzima, chukua ujira wake wa siku uzidishe kwa 300. Kama hakuifanya kwa muda huo, tazama mwenzake wa kazi ile ile aliyeifanya. Kama njia hizo hazifai, kadiria uwezo wake wa kuchuma. Kwa njia hiyo ukibarua haukuwa tena kisingizio cha kumpunja marehemu.

Lakini mpaka wa maji ulibaki pale pale, kwa sababu sheria ya 1927 ilifanya kazi pale tu ambapo ya jimbo haikufika. Matokeo yake yanaonekana katika kesi mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Katika ya kwanza, iliyoamuliwa mwaka 1928, kuli wa New Orleans alikuwa amesimama juu ya jukwaa lililoegemea gati. Mzigo wa magunia uliokuwa ukining'inia ukampiga, akatumbukia majini, akakutwa amekufa. Mahakama ilisema pigo lilimpata nchi kavu, kwa hiyo kifo chake ni cha jimbo ingawa mwili ulitoka majini. Katika ya pili, mwaka 1935, kuli wa Port Huron alikuwa juu ya sitaha, akapigwa na kurushwa mpaka gatini. Safari hii mahakama ilisema pigo lilimpata majini, ingawa aliumia alipotua kwenye gati. Watu wawili, kazi moja, hatari moja, na wakati mwingine genge moja huwa na watu pande zote mbili. Lakini sheria mbili. Atakayesema kwamba kila sheria lazima iwe na mpaka mahali fulani, namkubalia. Ila mpaka mzuri hutenganisha vitu vinavyotofautiana. Ukingo wa gati hautofautishi kitu chochote katika kazi ya kupakua, maana kazi yenyewe ni kuvuka ukingo huo mara mia kwa siku.

Mwaka 1969 upotofu huu ulifika kileleni. Makuli wa Baltimore, ambao kazi yao ilikuwa kufunga mizigo kwenye kamba za winchi ya meli, walikuwa wamepigwa na shehena wakiwa wamesimama gatini. Mmoja wao akafa. Mahakama ya Juu ilisema gati ni sehemu ya nchi kavu, kwa hiyo sheria ya 1927 haiwahusu, na kama mstari huo haufai, Bunge ndilo liubadilishe. Wakati huo teknolojia ilikuwa imekwisha kuubatilisha. Tangu mwaka 1956, meli ya Ideal-X iliposafiri na makontena yake ya kwanza, kazi ilikuwa ikihama kutoka ngamani kwenda uwanjani. Aliyekuwa akipanga magunia ndani ya meli sasa alifungua kontena mita mia kadhaa kutoka majini, akiwa kuli yule yule. Mwaka 1972 Bunge lilisogeza ulinzi mpaka gatini, kwenye vyelezo na maeneo ya jirani yanayotumika kupakia, kupakua, kutengeneza na kuunda meli, na likaanza kuuliza mtu anafanya kazi gani. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu yenyewe ilimkubali karani wa mizigo aliyeteleza kwenye barafu gatini. Swali la Jensen lilikuwa limejibiwa, miaka 63 baada ya shingo yake kuvunjika.

Upo upinzani mmoja unaonigusa zaidi ya ule wa majaji. Tangu mwaka 1946 kuli wa Marekani alikuwa ameruhusiwa kumshitaki mwenye meli iliyokuwa mbovu, bila kuthibitisha uzembe, na baadhi walipata fedha nyingi kuliko fidia. Sheria ya 1972 iliiondoa njia hiyo, ikaacha madai ya uzembe peke yake. Je, hakuuza haki yake? Naona aliuza kitu chenye thamani, lakini bei ilikuwa halali. Kuanzia mwaka 1956 mwenye meli aliyeshitakiwa aliweza kumgeukia mwajiri wa kuli amrudishie, hivyo mwajiri akajikuta analipa mara mbili, na gharama za mawakili zikala fedha ambazo zingeongeza fidia. Kwa kubadilishana, kikomo cha malipo ya wiki, kilichokuwa kimesimama kwenye dola 70, kilipandishwa na kufungwa kwenye wastani wa ujira wa taifa ili kisiliwe tena na mfumuko wa bei. Kesi kubwa humneemesha mmoja aliyebahatika kuumia ndani ya meli mbovu. Fidia nzuri humfikia kila mjane, naye huipata akiwa bado anahitaji unga na kodi ya nyumba.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilirithi mapatano haya kupitia sheria za kikoloni zilizofuata mfano wa Uingereza, na kwetu mpaka uliouma haukuwa wa maji. Ulikuwa wa siku. Wasomaji wa riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, wanawajua makuli wa Unguja, na mgomo wa Mombasa wa Januari 1947 uliwakutanisha watu ambao wengi wao waliajiriwa alfajiri na kuachishwa jioni. Leo Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 yenye mfuko unaochangiwa na waajiri, na Kenya ina ya mwaka 2007 inayokokotoa ulemavu wa kudumu kwa mapato ya miezi 96. Miezi 96 ni kipimo kizuri kwa mwenye mshahara. Kwa kibarua aliyepata siku tisa mwezi huu na ishirini mwezi uliopita, haki yote imo katika namna mwezi wake unavyohesabiwa, na hapo ile hesabu ya siku 300 bado ina la kutufundisha. Makontena nayo yamezibeba kazi za bandari mpaka bandari kavu za Embakasi na Kwala, mbali kabisa na harufu ya chumvi. Anayefungua kontena huko anafanya kazi ya ngamani. Likimwangukia, kinachopaswa kuulizwa ni alikuwa akimfanyia nani kazi, kazi gani, na nani walimtegemea.